Mama mkwe ampa mtoto chai kila asubuhi, na damu imepungua. Nitamwambiaje?

BintiKuze (mleta uzi), Jumatatu, saa 3:40 usiku

Assalaam aleikum, na hamjambo nyote. Nina kijana wangu wa miaka minne na nusu. Tunakaa Kuze, Mombasa, nyumba moja na mama mkwe, na sina ubaya naye, nitangulize hilo kabla hamjanishukia. Yeye ndiye anayenilelea mtoto nikiwa kazini.

Wiki mbili hizi nimemwona kijana akiramba ukuta. Anaramba chokaa kabisa, ukimtoa huku anahamia kule. Tena anachoka upesi, akipanda ngazi anakaa katikati. Nikampeleka kliniki, akatobolewa kidole, damu ikasoma 9.6. Nesi akaniuliza asubuhi anakula nini. Nikajibu kwa fahari: mahamri na mbaazi, na kikombe cha chai ya maziwa. Akaweka kalamu chini. "Chai tangu lini?" Nikanyamaza, maana ukweli ni kwamba mtoto hajafikisha miaka miwili bibi yake alikuwa akimmiminia kwenye kisahani ipoe, ampe.

Nimerudi na dawa ya chuma, dawa ya minyoo, na maneno nisiyojua nitayaanzia wapi. Kwa mama mkwe, kumnyima mtoto chai ni kumtesa. Amelea watoto saba kwa chai na wote wazima. Kwenu watoto wanakunywa? Kuanzia umri gani? Na kahawa je? Na nyinyi mnaokaa na wakwe, mlisemaje?

Mpwani_Halisi, saa 3:52 usiku

Mambo ya siku hizi hayo. Mimi nimekunywa chai tangu natambaa, na leo na miaka yangu arobaini nabeba magunia Marikiti. Ukuta anaramba kwa utundu tu.

Mkaanga_Viazi, saa 3:55 usiku

Magunia huyabebi kwa chai, kaka, unayabeba kwa deni la duka. Nimeweka kigoda hapa, endeleeni.

Nesi_wa_Zamu, saa 4:31 usiku

Dada, pole, na umefanya vyema kumpeleka. Mimi ni nesi, lakini si wa kliniki yenu, kwa hivyo dawa zifuate kama walivyokuandikia huko.

Hiyo 9.6: kwa mtoto wa umri wake tunataka isishuke chini ya 11. Na kuramba chokaa, kula udongo, kutafuna mchele mbichi, mara nyingi ni mwili unaodai madini ya chuma. Mpwani, usimwite mtundu.

Sasa chai. Ule ukakasi unaousikia ulimini ukinywa strungi (chai ya rangi) kali ndio wenye maneno. Vitu hivyo (tanini na ndugu zake) vikikutana tumboni na chuma kilichomo kwenye nafaka, kunde na mboga, vinakishika, nacho hakiingii kwenye damu, kinatoka na choo. Tazama basi sahani yetu ya Mombasa. Mbaazi zina chuma, tena si haba. Lakini chuma cha mbaazi ndicho hasa kinachoshikwa na chai. Ukinywa chai papo hapo na mlo wa namna hiyo, chuma kinachoingia mwilini kinaweza kupungua kwa zaidi ya nusu. Mtu kaamka alfajiri kasukuma mahamri, kachemsha mbaazi zikaiva, kakamua nazi, halafu kikombe kimoja kikamharibia kazi yote! Chuma cha maini, nyama na samaki hakisumbuliwi na chai kiasi hicho, lakini nani anampa mtoto maini saa moja asubuhi.

Ndimu inafanya kinyume. Vitamini C inasaidia chuma kuingia. Embe, chungwa, nyanya ya kachumbari, vyote vimo. Kamulia ndimu kwenye hizo mbaazi, na chai isogezwe mbali na chakula kwa saa moja au zaidi, iwe kabla au baada. Hapo hujagombana na mtu.

Ila tusiitwishe chai kila kosa. Minyoo inapunguza damu, na malaria pia. Dawa ya minyoo hawakukupa kwa bahati mbaya.

Kuhusu umri: miezi sita ya kwanza ni maziwa ya mama peke yake, hata maji hayamo. Baada ya hapo, mtoto mdogo hana haja ya chai wala kahawa. Waingereza, ambao wanaishi kwa chai, hata huduma yao ya afya inasema chai na kahawa hazifai kwa watoto wachanga na wadogo.

Mpwani_Halisi, saa 4:40 usiku

Nesi, mbona nasikia nyinyi wenyewe hospitalini mnawapa watoto njiti kafeni, ile ile iliyomo kwenye chai na kahawa? Ile ya njiti ni halali, ya bibi ni haramu?

Nesi_wa_Zamu, saa 4:52 usiku

Swali zuri, na ni kweli. Mtoto aliyezaliwa kabla ya siku zake wakati mwingine anasahau kupumua, na kafeni inamwamsha. Ni dawa, inapimwa kwa uzito wake, na mtoto yuko kwenye mashine anatazamwa usiku kucha. Mwili wa mtoto mchanga unachukua siku kadhaa kuiondoa, wakati wewe unaiondoa nusu kwa kama saa tano. Ndiyo maana aliye nyumbani haonjeshwi hata kijiko.

KahawaTungu61, Jumanne, saa 12:25 asubuhi

Wanangu, nimetoka kuswali nikaukuta uzi huu, na mimi ni mtu wa baraza, Kibokoni, kwa hivyo hamtanizuia.

Naanza na kahawa, kwa sababu mleta uzi kaitaja mara moja akaipita. Tulipokuwa wadogo muuza kahawa alipita jioni na dele lake la shaba, makaa yanawaka chini, vikombe anavigonga mkononi, na sisi watoto wote mbio. Lakini hatukukimbilia kahawa. Tulikimbilia kashata. Kahawa tungu ilikuwa ya wazee. Mtoto akinyosha mkono kwenye finjani anaulizwa mbele za watu, "We, una mke?" Anaurudisha mkono wake. Hakukuwa na daktari wala kitabu, ilikuwa adabu tu, na adabu ile ilitulaza mapema.

Na kahawa yenyewe, tangu asili, ni kinywaji cha kukesha. Masufi wa Yemen, karne ya 15, waliinywa wapate kukaa macho kwa dhikiri. Mwaka 1511 Khair Beg, aliyekuwa msimamizi wa Makka, akaipiga marufuku, na amri yake ikaja kutenguliwa kutoka Misri. Watu wazima wenye ndevu waligombana juu yake. Leo wampa mtoto wa chekechea kitu cha kumkesha, naye kazi yake duniani ni kulala!

Ama chai ni mlango mwingine. Mwanangu BintiKuze, mimi simjui mavyaa yako, lakini nadhani namfahamu. Yule bibi asubuhi hana wa kunywa naye chai. Mume keshatangulia au yuko msikitini, watoto wamekwenda kazini, nawe umeshuka ngazi mbio kuwahi matatu. Aliyebaki ni kijana mmoja na kisahani. Ukimwambia "nesi amekataza," atasikia kwamba amemdhuru mjukuu wake kwa mkono wake mwenyewe. Usiguse kikombe. Shughulika na kilichomo ndani.

MamaWaTatu_Likoni, Jumanne, saa 2:10 asubuhi

Mzee wangu umesema, na Nesi umesema, lakini naona mnazungumza kama kila nyumba ina maziwa ya kuchagua.

Kwangu ni pakiti moja ya nusu lita kwa watu sita. Ukiyagawa hivyo hivyo, kila mtu anapata funda mbili tatu. Ukiyatia maji, majani na sukari, unapata birika zima, na kila mtu ana kikombe cha moto. Kwetu sisi chai ndiyo njia ya maziwa kumfikia kila mtu. Mkate wa jana ukiwa mgumu unalainika humo. Mtoto anapanda feri tumboni mna kitu cha moto. Mnaposema "mtoto asinywe chai", kwa nyumba nyingi ng'ambo huku mnasema mtoto aende shule na maji.

Nesi, nipe jibu la nyumba yangu, la nyumba ya Nyali nimelisikia.

Mkaanga_Viazi, Jumanne, saa 2:14 asubuhi

Hapo sasa.

Ghalani_Shimanzi, Jumanne, saa 7:05 mchana

Mapumziko ya chakula, niandike upesi. Mimi mzaliwa wa Kericho, Mombasa huu ni mwaka wa tisa, nafanya kazi kwenye ghala la chai Shimanzi. Chai inayouzwa kwenye mnada wa hapa mjini inatoka Kenya, Uganda, Rwanda, hadi Malawi. Mnada wenyewe ulianzia Nairobi mwaka 1956, ukaletwa huku 1969 kwa sababu meli ziko huku. Nasema haya mjue kwamba chai kwangu si adui, inanilisha.

Jambo ambalo halijatajwa ni namna tunavyoipika. Chai yetu nyingi ni ile ya kusagwa ikawa punje ndogo ndogo, si majani marefu ya kukunjwa. Punje hizo zinatoa rangi na ukali haraka. Mwingereza anatumbukiza kifuko chake dakika tatu nne, anakitoa. Sisi tunatia majani sufuriani, inapanda inashuka, inapanda inashuka, wengine wanaongeza kijiko "ishike rangi", kisha inaingia kwenye chupa hadi adhuhuri, tena kuna wasiochuja vizuri. Ile ya chini kabisa ya chupa, niamini, si kinywaji cha mtoto. Kwa hivyo mtu akisoma mahali kwamba kikombe cha chai kina kafeni kiasi fulani, ajue kilipimwa kikombe cha kifuko, si cha mama mkwe.

Nyumbani kwetu mamangu alikuwa anachemsha maziwa kwanza. Yakipanda, anawatekea watoto wadogo, ndipo anatia maji na majani kwa wakubwa. Nyinyi huku mna viungo ambavyo sisi hatukuwa navyo. Chemsheni maziwa na maji kidogo, iliki, mdalasini, kipande cha tangawizi. Mtekee mtoto. Halafu tia majani. Sufuria ni ile ile, jiko ni lile lile, harufu ni ile ile. Mtoto hatajua tofauti, labda bibi ndiye atakayejua.

Jirani_Majengo, Jumanne, saa 8:30 mchana

Mnajadili kilichomo kwenye chai, mimi naogopa moto wake. Mwaka juzi mtoto wa ndugu yangu alivuta kitambaa cha meza, chupa ya chai ikamwagika kifuani. Alikuwa na mwaka na miezi minne. Kovu liko mpaka leo. Sisi tunaokula mkekani ndio zaidi, birika liko chini, mtoto yuko chini. Wekeni juu jameni.

Nesi_wa_Zamu, Jumanne, saa 2:45 usiku

Jirani, ahsante kwa hilo, tunawaona wengi. Maji ya bomba yanayotiririka, si barafu, si dawa ya meno, si unga, kisha hospitali.

Dada wa Likoni, nimekuwa nikikuwaza zamu nzima. Una haki. Sasa chukua nusu lita hiyo hiyo. Badala ya kuitia kwenye birika la watu sita, itie kwenye uji wa watoto watatu. Uji wa wimbi au mtama, na unga ukiuloweka usiku ukachacha kidogo ni bora zaidi, chuma chake kinapatikana kwa urahisi. Sisi wakubwa tunywe ya rangi, na mchaichai unaota bure nyuma ya nyumba, hauna kafeni kabisa. Najua wakubwa watanuna wiki ya kwanza. Dagaa wa kutwanga kijiko kimoja kwenye mchuzi wa mchana, na ndimu. Hapo sijakuongezea shilingi nyingi.

Na sukari, nayo tusiipite kimya. Kijiko cha chai ni kama gramu 4. Kwa mtu mzima, Shirika la Afya Duniani linasema ikiwezekana isizidi kama gramu 25 kwa siku, yaani vijiko sita, na mtoto ni chini ya hapo. Hesabu ya kikombe cha asubuhi na cha jioni fanyeni wenyewe. Pwani yetu hii chai bila vijiko vitatu inaitwa "maji".

Mpwani_Halisi, Jumanne, saa 2:58 usiku

Haya nimekubali nusu. Mtoto apewe maziwa matupu kutwa, mambo yaishe.

Nesi_wa_Zamu, Jumanne, saa 3:06 usiku

Na hapo pia taratibu, kaka. Maziwa ya ng'ombe yana chuma kidogo sana, na yanashibisha. Mtoto mdogo anayekunywa zaidi ya nusu lita kwa siku anaweza kuishiwa damu vile vile, kwa kuwa hana nafasi ya chakula. Kikombe kimoja viwili vinatosha. Na aliye chini ya mwaka, maziwa ya ng'ombe yasiwe ndiyo kinywaji chake kikuu.

BabaGredi9, Jumanne, saa 4:15 usiku

Naomba niingize langu. Kijana wangu yuko gredi ya tisa, mtihani mwaka huu. Kila usiku saa mbili anakoroga kahawa ya kopo, vijiko viwili vya kujaa, ati imsaidie kusoma. Anasoma mpaka saa sita, halafu hapati usingizi, asubuhi anavutwa miguu. Mamake anasema ni bidii, mimi naona kama balaa. Nimkataze?

Nesi_wa_Zamu, Jumanne, saa 4:40 usiku

Ana kilo ngapi? Tuseme 45. Wataalamu wa usalama wa chakula wa Ulaya mwaka 2015 walisema kwa watoto na vijana kafeni ya hadi miligramu 3 kwa kila kilo ya uzito kwa siku haileti wasiwasi. Kwake ni 135. Kikombe cha kahawa cha kawaida kina kama 80 hadi 100. Kwa hivyo kikombe kimoja si sumu kwa kijana wa umri huo. Shida yake ni saa. Akinywa saa mbili usiku, saa saba usiku nusu yake bado inazunguka mwilini. Kile anachosoma usiku kinahitaji usingizi ndipo kishike kichwani. Mwambie anywe akitoka shule au asinywe, na saa nne awe kitandani, aamke alfajiri asome.

Kwa kipimo hicho hicho, kijana wa BintiKuze akiwa na kilo 16 inakuja 48. Magi moja ya chai ya sufuriani kama alivyoieleza ndugu wa Shimanzi inaweza kuimaliza peke yake, na bado ya jioni.

Mkaanga_Viazi, Jumanne, saa 4:47 usiku

Mimi nauza viazi karai nje ya shule (siitaji). Tunawakaba mabibi huku, na duka la jirani yangu linauzia watoto wa gredi ya tano vile vikopo vya kuongeza nguvu. Kimoja kimeandikwa pembeni kwa herufi za sisimizi kwamba hakifai watoto. Mtoto anakunywa anarudi darasani anatetemeka kama taa ya feri.

Nesi_wa_Zamu, Jumanne, saa 4:55 usiku

Kikopo cha mililita 250 mara nyingi ni miligramu 80. Ni kahawa iliyotiwa sukari na picha ya umeme. Kwa watoto hicho mimi nakikataa bila mjadala.

KahawaTungu61, Jumatano, saa 12:40 asubuhi

Gredi ya tano! Na hakuna wa kumuuliza una mke.

BintiKuze, Jumatatu iliyofuata, saa 3:20 usiku

Nimerudi, na nimewasoma nyote, mwingine mara mbili.

Sikumwambia "nesi amekataza". Jumamosi niliamka kabla yake, nikachemsha maziwa na iliki na mdalasini kama alivyosema Ghalani. Mama mkwe akaingia jikoni kwa harufu. Akasimama nyuma yangu. Nilipoteka kikombe cha kijana kabla ya majani akauliza, "Na hii nini?" Nikamwambia damu ya mtoto imepungua, na mbaazi zako, mama, ndizo dawa yake, ila chai inazinyang'anya. Hakusema kitu. Akachukua ndimu kikapuni, akaikata, akaniambia, "Mbaazi bila ndimu nani kakufundisha?" Wallahi miaka sita niko nyumba hii sijamwona akitia ndimu.

Kikombe cha kijana aliionja kwanza yeye. Akasema haina rangi. Kijana naye akaanza kulia kwa nini yangu nyeupe. Bibi akamwambia chai ya mtoto inakua pamoja na mtoto, kila mwaka inaingia rangi kidogo. Sasa anatembea nyumba nzima akimwonyesha kila mgeni kikombe, anauliza imeshaingia rangi?

Jioni bado anampa ya kweli, funda chache kwenye kisahani, akidhani sioni. Nimeacha. Angalau haiko na chakula.

MamaWaTatu_Likoni, saa 3:31 usiku

Uji umepita siku nne kwangu. Siku ya tano baba watoto akauliza chai ya maziwa iko wapi. Tunajadiliana.

Nesi_wa_Zamu, saa 3:50 usiku

BintiKuze, dawa ya chuma usimpe na maziwa wala chai, mpe na maji ya ndimu au juisi ya chungwa. Choo kikiwa cheusi usishtuke, ni dawa. Na damu hata ikipanda usiikatishe kabla hawajakwambia. Lini unampima tena?

KahawaTungu61, saa 3:58 usiku

Nisalimie mavyaa yako. Mwambie kuna mzee Kibokoni anasema ndimu ni sawa.

BintiKuze, saa 4:02 usiku

Salamu zimefika, mzee wangu. Nesi, wamenipa mwezi mmoja. Ukuta bado anauramba, lakini sasa ni mmoja tu, ule wa msalani.